Naomba ushauri: herufi za brashi kwenye bango la dada

Asalaam aleikum wenzangu. Dada afungua kibanda cha mbaazi na viazi karai hapa Likoni, na bango nimetwishwa mimi. Nimepata fonti (mtindo wa herufi za kompyuta) nene iliyochorwa kwa mkono, ina mikwaruzo ya brashi kama kazi za mafundi wa zamani. Kwa jina la kibanda, tamu kweli! Shida ni kwenye kuandika bei za vyakula: nikiipunguza fonti iwe ndogo, mikwaruzo yajaa wino, 80 yasomeka 00. Halafu zile "aa" za mbaazi zina doa lile lile, kila mtu atajua ni kompyuta. Leseni ya fonti nayo ni ya matumizi binafsi tu, kwa biashara lazima ninunue. Je, ninunue, bei niziandike kwa fonti nyingine isiyo na mikwaruzo, au nimwite fundi apake yote kwa mkono?