Wenye nyumba Mji Mkongwe: mnatutoa wapangaji wa miaka ili mlaze wageni wa siku mbili, mpaka lini?

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimechoka na moyo umejaa.

Kichochoro chetu hapa Kiponda kina nyumba ambazo hazina mkazi wa kudumu. Wiki hii zimejaa Wataliano, wiki ijayo Wapolandi, halafu masika yakiingia giza tupu mpaka msimu urudi. Waliokuwa wakiishi humo wako nje ya mji, Fuoni, Chukwani na Tunguu, na sijasikia hata mmoja aliyehama kwa kupenda. Mtindo ni mmoja. Mkataba unakaribia kwisha, dalali anapiga simu kwa sauti ya upole: "Mwenye nyumba anataka kufanya ukarabati, mtamuwia radhi." Ukarabati wenyewe ni rangi nyeupe, kiyoyozi, samadari la kupigia picha na mito yenye vitambaa vya kanga. Mwezi haujaisha, nyumba iko mtandaoni inauzwa kwa usiku.

Hesabu yao naijua, wala haihitaji shahada. Kuna fleti moja hapa kichochoroni, mpangaji alikuwa akitoa shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi. Leo inatangazwa dola 70 kwa usiku. Mgeni akilala siku tano tu, keshalipa zaidi ya mara mbili ya kodi ya mwezi mzima. Sasa niambie, mwalimu wa skuli au muuguzi wa hospitali ya Mnazi Mmoja atashindana vipi na hapo? Muuguzi huyo zamani akitoka zamu ya usiku anakata vichochoro kwa miguu, dakika kumi yuko kitandani. Siku hizi anasubiri daladala na kodi yake haijashuka, maana na huko Fuoni wenye nyumba wameshasikia kuwa mjini kuna njaa ya vyumba.

Na wapo wanaotaka hata sisi wenyeji tulipe kodi kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Mwambie hivyo dalali uone atakavyokucheka.

Tena wengi wa hawa wanaoitwa "mahosti", yaani wanaopangisha wageni kwa mtandao, si wenye nyumba. Ni kijana amekodi fleti nne, kalipa mwaka mzima mbele, anaziendesha kwa simu akiwa zake barazani anakunywa kahawa. Mwenye nyumba naye ni warithi kumi na kitu: mmoja yuko Muscat, mmoja London, wawili Toronto, mara ya mwisho kukaa pamoja ilikuwa kwenye khitma. Siwalaumu kwa kutaka fungu lao, mirathi ni haki ya mtu. Lakini anayeamua nani aishi Kiponda asiwe mtu ambaye hata njia ya kufika Kiponda keshaisahau.

Njooni niwaonyeshe mlango wa jirani. Ni mlango wa mfenesi, kazi ya mafundi wa zamani, mwimo wote umezungushiwa nakshi ya mnyororo. Juu ya ile nakshi wamepiga skrubu nne na kubandika kisanduku cheusi cha funguo, cha kubonyeza namba. Skrubu moja imepasua mti, ufa unashuka karibu shibiri nzima. Hicho kisanduku ndiye mwenyeji wenu, ndiye karibu yenu ya Zanzibar. Mgeni anafika saa nane usiku, simu imekwisha chaji, nyumba zote anaziona sawa, basi anagonga kila mlango. Bi mkubwa wangu ana presha. Kila akigongewa usiku anainuka anadhani kuna msiba.

Mgeni mwenyewe simlaumu sana. Akikaa na nguo za kuogea kwenye baraza inayotazamana na msikiti, nani alimwambia? Kisanduku?

Sasa sikilizeni la majengo, kwa sababu hapa ndipo penye hatari na watu wanalifanyia mzaha. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Kuta za chokaa zinapumua, zikinyonya unyevu zinautoa. Ukizipiga plasta ya saruji ili zipendeze kwenye picha, unyevu unafungika ndani na ukuta unaoza taratibu huku kwa nje unang'aa. Halafu fleti moja iliyokuwa na choo kimoja inatiwa mabafu matatu, maji yanavujia kwenye vichwa vya boriti, juu ya paa yanapandishwa matangi ya lita elfu mbili, na waliojaliwa wanataka na kidimbwi cha kuogelea huko huko juu. Tulishaona Beit al-Ajaib, jumba la mfalme la hapa Mji Mkongwe la mwaka 1883, likiporomoka tarehe 25 Desemba 2020 lilipokuwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Kama jumba la mfalme lenye mafundi ndani linaanguka, nyumba ya vichochoroni inayotobolewa na fundi wa kuokota itakuwaje? Mpangaji wa miaka ishirini alikuwa akiona ufa anapiga kelele. Mgeni wa siku mbili anaupiga picha, anausifia.

Najua mtakaokuja kunijibu "wivu tu huo, utalii ndio unaotulisha." Haya, tuuseme huo utalii. Mwaka 2024 waliingia watalii zaidi ya 700,000 kwenye visiwa vyenye watu wapatao milioni mbili. Sipingi kuja kwao, nina ndugu wanaokula kwa kazi hiyo. Ila UNESCO ilipouweka Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, iliweka mji, na mji ni watu. Leo duka lililokuwa likituuzia unga, sukari na betri linauza sumaku za kubandika kwenye friji. Chuo cha Kurani cha mtaani watoto wamebaki wa kuhesabika, maana wazazi wao wamehamishwa. Jamaa yangu anayetembeza wageni ananiambia siku hizi wakimuuliza watu wa hapa wanaishi vipi, anawavusha barabara ya Creek anawapeleka Ng'ambo. Umeona mambo? Mtu amelipia alale ndani ya Mji Mkongwe, kisha inabidi atolewe nje ya Mji Mkongwe ndiyo amwone Mzanzibari anayenunua mkate wake.

Na nyumba za wageni zenye leseni, zenye mpishi, mlinzi, mfua nguo na kijana wa mapokezi, zinashindana na fleti inayoajiri dada mmoja wa usafi anayeitwa kwa meseji na kulipwa kwa kutwa. Hiyo ajira mnayotuimbia iko wapi?

Nisiwe mkaidi, kuna ninaowaunga mkono kwa mikono miwili. Kuna bibi mmoja Mkunazini anaishi chini, chumba cha juu anapangisha wageni, asubuhi anawapikia vitumbua na kuwaonyesha njia ya Darajani. Fedha hiyo ndiyo iliyotengeneza paa lake. Huyo aachwe, tena aongezewe. Ninayemsema mimi ni aliyeitoa nyumba nzima mikononi mwa wakazi na hayumo ndani yake hata siku moja.

Na msiniambie haiwezekani kutofautisha. New York tangu Septemba 2023, ukipangisha kwa chini ya siku 30 lazima ujiandikishe, uwemo ndani mwenyewe, na wageni wasizidi wawili. Amsterdam mwaka 2019 waliweka kikomo cha kupangisha nyumba kwa watalii siku 30 tu kwa mwaka. Barcelona wamechoka kabisa, wametangaza kuwa leseni zote za fleti za watalii, 10,101, hazitahuishwa, na ifikapo Novemba 2028 ziwe zimekwisha. Sisemi tuige Barcelona, sisi si matajiri kama wao. Sisemi pia kwamba kodi itashuka kesho yake. Lakini sharti la mwenyeji kuwemo ndani linatufaa sisi kuliko hata wao, kwa sababu ndiyo desturi yetu. Nani aliwahi kusikia mgeni anapokewa na nyumba tupu?

Nilikwenda ofisi moja kuuliza nani anahesabu hizi fleti. Nikaelekezwa nyingine. Ya pili wakaniuliza mimi ni mwenye nyumba? Nikasema mpangaji. Wakaniambia basi malalamiko yako ni ya mkataba, kaongee na mwenye nyumba wako. Mtu anapoteza mtaa, anaambiwa ana ugomvi wa mkataba!

Mnaojua sheria, njooni hapa mseme: mpangaji aliyetolewa kwa kisingizio cha ukarabati, kisha akaikuta nyumba inauzwa kwa usiku, ana pa kushtaki? Anaweza kudai arudishwe? Na wenye nyumba mliomo humu, nawajua mnasoma kimya kimya, jibuni moja tu: mna leseni?

Na wewe dalali uliyenitumia meseji jana kuwa una "chumba safi Fuoni, wahi", wakati mkataba wangu bado una miezi: namba yako nimeshaifungia.