Saundibaa imeandikwa 5.1 na HDMI, kwenye kompyuta ya gemu natoa stereo tu, hii ni haki kweli?

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Nina kompyuta ya gemu, nina monita ya 144Hz (inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde), na nimechukua saundibaa ambayo boksi lake limeandikwa kwa maandishi makubwa 5.1 (saraundi ya chaneli sita, yaani spika tano na sabwufa), Dolby, HDMI, ina sabwufa yake na vispika viwili vya kuweka nyuma. Mpaka naandika hapa vile vya nyuma havijawahi kutoa mlio kwenye gemu hata moja. Ni vizima kabisa, tatizo siyo vyenyewe, tatizo ni kwamba waliotengeneza hii kitu hawakumfikiria kabisa mtu mwenye kompyuta na hawataki kusema hivyo kwenye boksi.

Saundibaa ina tundu moja tu la HDMI na pembeni pameandikwa ARC. Mtu yeyote akiona HDMI anachukua waya, upande mmoja kwenye kadi ya grafiki, upande wa pili kwenye saundibaa, anasubiri sauti. Hamna. Windows wala haioni kwamba kuna kitu kimechomekwa, ukifungua orodha ya vifaa vya sauti iko monita peke yake, unabadilisha waya, unazima unawasha, unafuta draiva unaweka upya, hola. Kumbe lile tundu halipokei sauti ya moja kwa moja kutoka kwenye kifaa, linasubiri sauti inayorudishwa na tivii! ARC ndo kazi yake hiyo, ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 ili tivii iweze kurudisha sauti kwenye spika kupitia waya uleule. Kadi ya grafiki yenyewe inatoa tu, hairudishi kitu, haina ARC. Monita za kompyuta nazo karibu zote hazina. Sasa mtu mwenye monita asiye na tivii anachomeka wapi? Kwenye kijitabu kuna mchoro wa tivii na mshale, basi, hakuna mstari hata mmoja unaosema bila tivii hili tundu halina faida kwako.

Najua watakuja watu kusema "tumia optiko", ule waya wa sauti unaopitisha mwanga. Nimetumia, na hapo ndo hasira ilinipanda zaidi. Optiko inapitisha vitu viwili, stereo ya kawaida ya chaneli mbili, au 5.1 ambayo imeshabanwa tayari kwa Dolby Digital au DTS. Kwenye Windows ukienda kwenye setingi za sauti, ile sehemu ya fomati zinazokubalika, ukabonyeza kujaribu Dolby Digital, mlio unatoka safi na saundibaa yenyewe inaandika Dolby Digital kwenye kale kakioo kake ka mbele. Unafurahi, unafungua gemu, kakioo kanarudi PCM (sauti isiyobanwa, hapo ni stereo tu) na nyuma kimya. Kwa nini? Kwa sababu muvi inakuja sauti yake ikiwa imeshabanwa toka studio, kompyuta inaipitisha tu kama ilivyo. Gemu haiko hivyo, gemu inapika sauti palepale unapocheza, adui akisogea nyuma yako kushoto ndo inahesabu na kuitoa ikiwa PCM mbichi, na PCM ya chaneli sita haipiti kwenye optiko, uwezo huo haina. Ili ipite kompyuta inatakiwa iibane papo hapo kwa Dolby Digital Live au DTS Connect, na hivyo vinategemea kama mtengenezaji wa mazabodi au kadi ya sauti alilipia leseni. Wa kwangu hakulipia. Hata ambaye analo, sauti inachelewa kidogo kwa sababu inabanwa huku inafunguliwa kule, na kwenye gemu za risasi hicho kidogo unakisikia.

Bluetooth msinitajie jamani. Ni stereo, halafu unafyatua unaona moto mdomoni mwa bunduki, mlio unakuja baadaye. Waya wa spika wa kawaida wa 3.5mm nao ni stereo. Tundu la USB la saundibaa yangu ni la flashi ya miziki na updeti, ukichomeka kompyuta hapo haitokei chochote.

Nimewaandikia huduma kwa wateja wa kampuni (jina nalihifadhi), nikaeleza yote haya, modeli, waya, picha za setingi. Jibu: "tafadhali unganisha kompyuta kwenye tivii, kisha tivii kwenye saundibaa". Nimeshawaambia sina tivii, nina monita! Nikarudia, jibu likaja lilelile neno kwa neno. Huyu mtu hakusoma hata mstari wa kwanza na bado anaandika "tunathamini maoni yako".

Na hata huo ushauri wa tivii haujakamilika, wanaofikiria kupita huko msikilize. Tivii ikiwa na ARC ya kawaida, PCM inayorudisha ni chaneli mbili tu, zile 5.1 lazima ziwe zimebanwa, kwahiyo gemu inarudi palepale kwenye shida ya optiko. Juu ya hapo tivii nyingi zinaiambia kompyuta "mimi ni stereo", na Windows inaamini inachoambiwa na kifaa kilichochomekwa, ukienda kuchagua idadi ya spika unakuta Stereo peke yake, huwezi kuilazimisha. Kinachotatua ni eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, hiyo inabeba mpaka chaneli nane za PCM bila kubanwa. Lakini inatakiwa tivii iwe na eARC NA saundibaa iwe na eARC, moja ikikosa umeshuka tena. Herufi moja ndogo "e" ndo inaamua kama utasikia nyuma au husikii, na kwenye boksi wanaiandika kwa maandishi ya kutafuta na tochi.

Kuna saundibaa ambazo mbali na lile tundu la ARC zina HDMI IN, hilo ndo linapokea kutoka kwenye kompyuta, na hapo Windows inakuonyesha 5.1 bila kelele. Jamaa yangu anayo nimeisikia kwa masikio yangu, mtu anatembea kwenye ghorofa nyuma yako unageuka kweli, raha yake siwezi kuieleza. Ila nako kuna mitego. Nyingi ukipitisha picha ndani yake kwenda kwenye monita zinaishia 4K 60Hz, sasa 144Hz niliyoitafuta niitupe? Jamaa anachofanya ni waya mbili, DisplayPort inaenda kwenye monita kwa ajili ya picha, HDMI inaenda kwenye saundibaa kwa ajili ya sauti. Inafanya kazi, tatizo Windows inadhani saundibaa ni skrini ya pili. Mshale wa mausi unapotelea huko, dirisha unafungua halionekani liko kwenye skrini ambayo haipo, na ukisema uizime hiyo skrini na sauti inakatika. Alichofanya kaiacha 1080p, akaisogeza kwenye setingi za skrini mpaka zikagusana kwa kona tu, mshale hauvuki kirahisi. Anaishi hivyo. Mtu ana vifaa vizuri vyote viwili halafu anaishi kwa kuvizia kona, inauma.

Ninachodai siyo miujiza. Waandike kwenye boksi mambo matatu tu: kuna HDMI IN au hakuna, inapokea PCM ya chaneli ngapi, inapitisha picha ya hertz ngapi. Hayo wanayajua, wao ndo wameyatengeneza. Badala yake wanaweka picha ya mtu ameshika kontrola anacheka na neno "gaming" juu yake, wakati ndani hakuna tundu hata moja linalopokea saraundi ya gemu moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta bila kubanwa kwanza. Huko ni kumdanganya mnunuzi na nitalisema hivyo popote.

Yangu naifungasha inarudi ilikotoka, wakikataa tutasumbuana.

Mwenye saundibaa yenye HDMI IN inayopokea PCM ya chaneli sita au zaidi na inapitisha 120Hz kwenda juu, naomba uweke modeli hapa na useme uliijaribu kwenye gemu gani. Gemu wakuu, siyo muvi.