Zuhura Anataka Sosholojia: Gumzo la Familia

Mama Zuhura (Leicester): Assalaam alaykum wote. Zuhura anamaliza GCSE, mitihani ya sekondari ya huku Uingereza, na shule inataka masomo matatu ya A-level, ile miaka miwili ya kabla ya chuo kikuu, kabla ya Ijumaa. Kachagua Historia, Kiingereza na Sosholojia, yaani elimu ya jamii. Baba yake hilo la tatu limemkaa kooni. Tushaurini jamani.

Mjomba (Tanga): Waalaykum salaam dada. Historia sawa, Kiingereza sawa. Sosholojia ya nini? Huku kidato cha tano mtu anaingia na tahasusi yake, yaani masomo matatu yanayokwenda pamoja, kama HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia). Sosholojia anakutana nayo chuo kikuu huko.

Baba Zuhura: Ndilo swali langu shemeji. Na nimesikia vyuo vikubwa vya hapa haviitaki.

Shangazi (Dodoma): Kaka, hiyo habari imepitwa. Vyuo vya Russell Group, kundi la vyuo vikuu vikubwa vya Uingereza, vilikuwa na orodha ya masomo vinayoyapendekeza, sosholojia haikuwemo. Orodha yenyewe waliiacha 2019. Mtoto anataka sheria, na vyuo vingi huko kwa sheria havidai somo maalumu, vinaangalia alama. A ya sosholojia ni pointi 48 za UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vikuu huko, sawasawa na A ya fizikia. Mimi nimeisoma chuo kikuu, Mlimani, na ndiyo iliyonipa kazi ya ustawi wa jamii, kwa hiyo nitaitetea mpaka asubuhi.

Baba Zuhura: Mtihani wake ukoje? Isije ikawa insha za maoni tu.

Zuhura: Shikamooni wote 🙏🏾 Shule yetu inatumia mitihani ya AQA, moja ya bodi za mitihani za hapa. Karatasi tatu mwishoni mwa mwaka wa pili, kila moja saa 2 na alama 80. Ya kwanza elimu, ya pili tutasoma familia na imani, ya tatu uhalifu. Nadharia na mbinu za utafiti zimo kwenye ya kwanza na ya tatu. Maoni bila ushahidi hayapati alama baba.

Mjomba (Tanga): Marahaba mpwa wangu. Mbinu za utafiti kama zipi?

Zuhura: Dodoso, mahojiano, kukaa na watu ukiwaangalia. Kuna swali la alama 20, unapewa jambo la shuleni na mbinu moja, useme inafaa wapi na inakwama wapi. Mfano utoro kwa dodoso. Ukiligawa darasani, mtoro mwenyewe hayupo siku hiyo. Ukilituma nyumbani, mzazi anaogopa kujaza kwa sababu hapa utoro una faini.

Mjomba (Tanga): Hapo umenishika. Miaka yote niliyofundisha, fomu za utoro tulikuwa tunawajazisha waliohudhuria.

Zuhura: Mjomba kuna na hili. Wamarekani wawili, Rosenthal na Jacobson, waliwaambia walimu wa shule ya msingi California kwamba watoto fulani karibu watachanua kimasomo. Kumbe asilimia 20 hao walichaguliwa bila mpango wowote. Walipopimwa tena, hao, hasa wa madarasa ya chini, kwa wastani walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Yaani anachotarajia mwalimu kinamgusa mtoto. Walichapisha 1968. Wako wataalamu waliopinga vipimo vyao, na hayo pia tunatakiwa kuyaandika.

Mjomba (Tanga): Sihitaji kwenda California. Mkondo C wa shule yangu walijiita wenyewe "sisi wa C", hata swali jepesi hawanyooshi mkono. Mwalimu mpya akifika, anapelekwa huko.

Shangazi (Dodoma): Shemeji, ndiyo hiyo hiyo sosholojia unayoizungumza.

Bibi (sauti, iliyoandikwa na Mama Zuhura): Mimi nauliza moja. Hiyo familia watakayomfundisha ni familia ya nani? Maana Zuhura amelelewa na mimi miaka yake ya kwanza, na shangazi yake, na jirani.

Zuhura: Bibi shikamoo. Mmarekani mmoja, Murdock, mwaka 1949 alitazama jamii 250 akasema familia ya baba, mama na watoto iko kila mahali. Wengine wakampinga. Wanataja familia pana kama yetu, wanataja nyumba za mama peke yake. Na mimi nataka kuwemo kwenye ubishi huo nikiwa na ushahidi mkononi. Darasani wakizungumza "familia za wahamiaji" huwa nanyamaza, na yanayosemwa siyo nyumba ninayoijua.

Bibi (sauti): Marahaba. Basi asome.

Baba Zuhura: Zuhura, hilo la kunyamaza darasani hukuwahi kuniambia. Kusoma kutakuwa kwingi, unalijua hilo?

Zuhura: Najua baba.

Baba Zuhura: Haya. Historia, Kiingereza, Sosholojia. Lete fomu nikirudi kazini, nasaini leo.

Shangazi (Dodoma): Na insha ya kwanza nitumie kabla hujampa mwalimu. Nitaisoma na kalamu nyekundu, sikufichi 😄