Kibodi ya marehemu ami yangu: nitazitambuaje swichi zake?

Karani wa Wete
Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Marehemu ami yangu alikuwa karani wa hesabu hapa Wete, na katika vitu alivyotuachia imo kibodi moja nzito, yenye vitufe 101, ambayo weupe wake umegeuka manjano, na waya wake uliojisokota kama wa simu ya mezani unaishia kwenye plagi nene ya duara yenye pini 5. Nilipoipindua kuikung'uta vumbi, kilidondoka kikonyo cha karafuu kilichokauka, nikajua kuwa hii ndiyo aliyokuwa akiandikia orodha za magunia. Kila kitufe hutoa mlio mkali kinapobonyezwa, isipokuwa vitatu ambavyo vimekuwa vizito na vinakwaruza. Lebo ya chini imeliwa na unyevu, haisomeki. Naomba kujua swichi zake, yaani vile vidude vilivyo chini ya kila kitufe, ni za aina gani kabla sijaigusa, kwa sababu sitaki kukiharibu kitu chake kwa kutojua.

Fundi wa Mkunazini
Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Uzito huo na mlio huo vinanielekeza kwenye IBM Model M, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985. Chini ya kila kitufe husimama springi ambayo, ikifikia kiasi fulani cha kubanwa, hupinda ghafla, na hapo ndipo mlio unapotoka.

Mpenzi wa Kibodi, Chake Chake
Kwa heshima zote kwa fundi, mlio peke yake hautoshi. Wapo watengenezaji wengine wa swichi, kama Cherry na Alps: swichi za Cherry MX za buluu nazo hulia, na za Alps nyeupe nazo hulia, na masikio ya mtu asiyezizoea hayawezi kuzitenganisha. Kinachosema ukweli ni kile kilichomo chini ya kofia ya kitufe, yaani kile kipande chenye herufi. Chukua waya mwembamba mgumu, upinde upate kulabu mbili, uzipitishe pande mbili za kofia na uivute juu taratibu bila kuipinda upande. Anza na F12 au kitufe kingine kisichotumika sana, na ukiache kabisa kile kirefu cha nafasi, kwani chini yake huwa na waya wa kusawazisha ambao ni rahisi kuupinda.

Ukiona tundu na springi imesimama wazi katikati, basi fundi amesema kweli. Ukiona shina la plastiki lenye umbo la msalaba, hizo ni za familia ya Cherry MX. Na ukiona shina lenye tundu la mstatili, huku chini ya kofia kukiwa na ulimi bapa unaoingia humo, basi ni za Alps au za waliomuiga. Tuambie pia rangi ya shina, kwa sababu katika Cherry nyeusi hushuka laini bila mlio, ilhali katika Alps nyeusi huwa na kizuizi kidogo njiani. Rangi bila umbo humpoteza mtu.

Karani wa Wete
Nimeing'oa kofia ya F12 kama ulivyonielekeza. Shina ni jeupe, lina tundu la mstatili, na pembeni mwake pamejaa vumbi lililogandamana. Springi haionekani.

Mpenzi wa Kibodi, Chake Chake
Basi umeshaipata familia yake, imebaki kujua kama ni Alps wenyewe. Fungua kifuniko cha swichi hiyo moja kwa ncha mbili nyembamba, ukiachia vishikizo vyake polepole, na usogeze taa karibu. Mara nyingi Alps halisi huwa na jina lao limechorwa kwenye plastiki. Ndani utakuta springi, jani jembamba la chuma linalotoa mlio, na upande wa pili kipande kinachojitegemea chenye vibati vya kuunganisha umeme. Za kuiga nyingi hazina kipande hicho, kwani muundo wake umerahisishwa.

Kuhusu vile vitatu vizito, vumbi ndilo adui mkubwa wa Alps. Usitie mafuta, tafadhali, maana hulishika vumbi na kuzidisha mkwaruzo. Toa shina, lifute kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, uifute na nyumba ya swichi, na uiangalie springi kama imeshika kutu, kwani hewa yetu ya bahari haina huruma.

Fundi wa Mkunazini
Nimekubali, na nashukuru kwa kusahihishwa. Naongeza la plagi: angalia chini ya kibodi kama pana swichi ndogo ya kuchagua yenye herufi X na A, yaani XT na AT, aina mbili za kompyuta za zamani. Ikiwapo, iweke kwenye A, kisha adapta ya kawaida ya kwenda plagi ya PS/2, ile ndogo ya duara, itatosha. Kibodi isiyojua lugha nyingine ila ile ya XT haisaidiwi na adapta hiyo, inahitaji kigeuzi chenye saketi yake.

Karani wa Wete
Swichi ndogo ipo, nayo ilikuwa kwenye X. Ndani ya F12 nimelikuta neno ALPS, jani la mlio na kile kipande cha pembeni, na springi haina kutu hata chembe. Baada ya kulifuta shina, kitufe kinashuka laini na kulia kama vilivyobaki. Kesho nitaendelea na vile vitatu vizito, kimoja kimoja.