HMS Gorgon (1837): magurudumu yazame kiasi gani?

fundi_mbao_Gikomba
Wadau, natengeneza mfano wa HMS Gorgon, manowari ya mvuke ya mbao yenye magurudumu ya kusukuma maji ubavuni, kipimo 1:100, kwa maonyesho ya shule hapa Nairobi. Magurudumu yazame kiasi gani majini? Mizinga ikae wapi? Na iliachwa kwa nini mapema, 1864?

boila_na_bomba
Hakuna kina kimoja, na hilo ndilo lililokuwa tatizo la meli hizi. Ikijaa makaa, gurudumu huzama mno: kasia (ubao wa gurudumu) husukuma maji chini linapoingia na kuyainua linapotoka, nguvu ikapotea bure. Makaa yakiisha, meli hupanda na kasia zinakwaruza uso wa maji tu. Mawimbi yakiilaza, gurudumu moja linazama, la pili linazunguka hewani, na mhimili unaumia. Kwa mfano wako chukua makaa nusu: kasia la chini kabisa lizame lote, na maji kidogo juu yake.

Mizinga usiipange katikati ya ubavu, vifuniko vya magurudumu vimekula nafasi hiyo. Ile mikubwa ya kuzunguka iweke omo na tezi, yaani mbele na nyuma.

Ukitaka kuonyesha injini, ya Gorgon ilikuwa jambo jipya. Seaward, mtengenezaji wa injini, aliweka silinda moja kwa moja chini ya mhimili, akaondoa zile wenzo ndefu za pembeni. Uzito ukapungua, nafasi ikaongezeka. Gharama yake: fito fupi za kuunganisha, zenye msuguano zaidi.

mkuku_na_tezi
Kuachwa kwake, lawama ni ya rafadha (propela ya nyuma ya meli): hukaa chini ya maji, mbali na risasi, na ubavu unabaki wazi kwa mizinga. Wengi hutaja Rattler, meli ya rafadha, kuivuta Alecto, ya magurudumu, kinyumenyume mwaka 1845. Kwangu lile lilikuwa onyesho tu, maana Rattler yenyewe ilikuwa imeshazinduliwa 1843, yaani rafadha ilikuwa imeshakubaliwa.

Kazi zake lakini si haba. Ilipiga mji wa Acre, pwani ya Shamu, Novemba 1840. Mei 1844 dhoruba iliikwamisha mchangani Montevideo, ikakaa miezi kabla ya kunasuliwa. Mwaka 1858, waya wa simu wa Atlantiki ulipotosha dira ya Niagara, meli iliyoutandaza, hivyo Gorgon ikatangulia kuionyesha njia.

fundi_mbao_Gikomba
Shukrani. Nataka kuionyesha ikiwa mlango wa Zambezi 1862, ilipomleta Mary Livingstone, mke wa mpelelezi David Livingstone. Vipande vya Lady Nyassa, meli yake ndogo ya mvuke, nivipange sitahani?

mkuku_na_tezi
Hapana, mkubwa. Vipande na Bi. Livingstone vilikuja na Hetty Ellen, meli ya tanga iliyovutwa na Gorgon. Itengeneze hiyo nyuma kwa kamba. Sitahani weka mashua kifudifudi juu ya vifuniko vya magurudumu, moja kila upande.