MJADALA: Ni sawa kuimba mafundisho ya Buddha kwa nyimbo za Kiswahili hapa Mombasa?

Mtunzi wa Kibokoni

Wadau wa muziki naleta hii kwenu manake imeshaanza kuleta maneno mitaani. Kuna vijana hapa Mombasa, sitawataja, wanatunga nyimbo za Kiswahili na mawazo wameyatoa kwa Buddha, yule mwalimu wa kale wa India, kwamba hakuna kinachodumu, kwamba maumivu yetu mengi yanaletwa na kung'ang'ania, kwamba hata huyu "mimi" tunayemtetea usiku na mchana ukimtafuta humuoni alipokaa. Wengine wanasema huko ni kuhubiri dini ngeni kichinichini, wengine wanasema muziki ni muziki muwachieni kijana aimbe. Mimi nasema waimbe, na nasema hivo nikiwa nasali kama kawaida na sina mpango wa kuhama popote. Lakini si kila kinachoitwa wimbo wa Kibuddha nakikubali. Mwingi ninaousikia ni kengele, sauti ya maji, na neno moja la Kisanskriti linarudiwa mpaka wimbo unaisha, muziki wa kuchuliwa mgongo kwenye mahoteli ya Nyali. Falsafa haimo humo.

Falsafa inakaa kwenye utunzi wenyewe. Sisi tuna wimbo wa mishororo 3, kila mshororo silabi 16, yaani mizani nane na nane, ndio uti wa mgongo wa taarab yetu. Sikizeni nilivojaribu:

Nilishika sana sana, na mkono ukauma
Nilipowata kubana, maumivu yakakoma
Si kitu kilichochuna, ni mimi nilogandama

Kuwata kwetu ni kuacha. Hapo hakuna jina la Buddha, hakuna sanamu, na fundisho lake la pili kati ya yale manne makuu, kwamba chanzo cha mateso ni kiu ya kutaka na kushikilia, limo lote. Bibi yeyote wa Mji wa Kale ataelewa bila kufafanuliwa. Semeni sasa.

Mama wa Makadara

Mwanangu mimi sina ugomvi na nyimbo, nimekulia kwenye harusi za taarab na nimecheza mpaka asubuhi. Shida yangu ni hawa watoto. Mtoto wa miaka 15 akisikia "hakuna mimi" atasema basi hata nikifanya nini ni sawa, si hakuna wa kuulizwa? Na akhera mumeiweka wapi hapo? Leo ni beti tamu, kesho tutaambiwa tufukize udi mbele ya sanamu. Mambo haya huanza kidogo kidogo na yakishaingia na kinanda hayatoki.

Mtunzi wa Kibokoni

Shikamoo Mama. Hilo la mtoto ni swali zito na sitalikimbia. Buddha hakusema hakuna wa kuulizwa, alichokataa ni kwamba kuna kitu ndani yetu kisichobadilika, lakini tendo na matokeo yake hayo alisisitiza maisha yake yote na hata mfuasi wa kawaida ana miiko yake 5, asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asilewe. Sasa mtunzi akiimba "hakuna mimi" halafu asiimbe hayo mengine amekata fundisho nusu, na nusu hiyo kweli ina hatari, hapo mimi na wewe tuko pamoja kabisa. Ndio maana nasema aimbe mtu aliyesoma, si aliyeona picha nzuri kwenye simu.

La pili, kwamba dunia inapita sisi hatukufundishwa na Wahindi wala Wajapani. Utenzi wa Al-Inkishafi umetungwa huku huku kwetu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anazitazama nyumba za matajiri wa Pate zimekuwa magofu, popo na njiwa ndio wenyeji. Mtu wa Pwani amezoea kuimbiwa kwamba hakuna kinachobaki. Tofauti ipo na tusiifiche, Sayyid anauambia moyo wake utubu ujiandae na akhera, Buddha anasema angalia vizuri namna kila kitu kinavyopita mpaka mkono uachie wenyewe. Ni njia mbili. Mtunzi akizichanganya ili apendwe na wote atakuwa amezidhulumu zote mbili.

Na hili la muziki kuingiza dini, Mama, marehemu Juma Bhalo aliimba taarab kwa mahadhi ya filamu za Kihindi miaka na miaka na mji mzima ukaimba naye. Nani alibadili dini?

Msikizaji wa Likoni

Mbona mnazunguka na hamsemi kwamba Buddha mwenyewe aliukataza muziki? Watawa wake hawaruhusiwi kuimba, kucheza wala kutazama maonyesho. Kuna kisa cha Talaputa mkuu wa waigizaji, alimuuliza Buddha kama ni kweli msanii anayechekesha watu akifa huenda peponi, Buddha akakataa kumjibu, akamng'ang'ania mpaka mara ya tatu, akaambiwa sivyo, anayewatia watu tamaa na ulevi wa akili huishia motoni, jamaa akaangua kilio. Sasa nyinyi mnataka kueneza maneno ya mtu kwa kitu alichokikataa?

Mtunzi wa Kibokoni

Kaka hii ndio hoja niliyokuwa naisubiri, na kisa umekisema sawa. Tuongeze na kingine kinachotugusa zaidi sisi tunaoimba. Kuna mahali Buddha anataja hasara 5 za kuyasoma mafundisho kwa sauti ya kuvutavuta kama wimbo. Msomaji anainogewa sauti yake mwenyewe, wasikizaji nao wanainogewa, watu wa mitaani wanasema kumbe hawa wanaimba kama sisi, utulivu wa moyo unavunjika, na watakaokuja nyuma wataiga. Mimi hiyo ya kwanza naiogopa kweli, sababu kila muimbaji anajua ile hali ya kujisikia kwenye maiki ukasahau unasema nini.

Lakini miiko ile ni ya watawa, na ya wafuasi wa kawaida kwa zile siku zao maalum wanapochukua miiko 8 badala ya 5. Na huyo huyo Buddha, Panchasikha, mwanamuziki wa mbinguni kwenye visa vyao, alipokuja na kinanda chake cha nyuzi akamuimbia wimbo wa mapenzi uliochanganywa na sifa za mafundisho, hakumfukuza, alimsifu kwamba sauti ya nyuzi na sauti ya koo zimeoana. Sona naye alikuwa mpiga nyuzi kabla hajawa mtawa, akajitesa kwa kutembea na kutafakari mpaka nyayo zikatoka damu, Buddha akamuuliza, uzi ukikazwa sana unalia vizuri? Ukilegezwa sana je? Mpiga udi yeyote wa mji huu analijua jibu kabla hajaulizwa. Kwa hivyo alichokiogopa ni kunogewa, nyuzi zenyewe hakuwa na neno nazo.

Na waliomfuata waliimba. Mashairi ya watawa wa mwanzo, wanaume kwa wanawake, yamehifadhiwa mpaka leo na Talaputa huyo huyo aliyelia yumo, alikuja kuwa mtawa na beti zake zipo, anagombana na moyo wake mwenyewe, jambo ambalo sisi watu wa Inkishafi tunalielewa sana. Milarepa wa Tibet, karne ya 11 na 12, alifundisha kwa nyimbo. Ani Choying Drolma, mtawa wa Nepal, alitoa albamu mwaka 1997 na mpiga gita wa Marekani Steve Tibbetts, na mwaka 2000 akafungua shule ya watawa wa kike. Huyo sauti imezaa kitu nje ya sauti, ndicho kipimo changu.

Prodyuza wa Kisauni

Mimi naongea biashara. Nina biti kali nimekata kipande cha watawa wa Tibet wanaomba, ile sauti nzito ya kooni, nikaweka dramu chini. Vijana wanaipenda vibaya. Mizani 16 na nani anasikiza siku hizi? Na kipande hicho kiko kwenye intaneti, kila mtu anakitumia.

Mtunzi wa Kibokoni

Kaka kitoe. Ile ni ibada ya watu, wewe ungekubali mtu wa nje achukue adhana aweke dramu kwa sababu ina mvuto? Mji ungelipuka, na ungekuwa na haki ya kulipuka. Na zaidi ya heshima ni kazi mbovu, msikizaji wako haelewi hata neno moja kwa hivyo umemuuzia mvuto mtupu, ni ule ule unogewaji tuliousema hapo juu.

Biti iache, sina shida nayo. Mtafute mpiga udi, muambie mwisho wa kila beti asifunge kwenye noti ya nyumbani, ile wimbo unapotulia, aiache sauti ife yenyewe na usiijazie kitu. Kiitikio waimbe watu wengi, wanaume na wanawake, ili "mimi" wa ule wimbo asijulikane ni nani. Ubeti wangu ule wa mishororo 3 nakupa bure, ila kijana atakayeuimba aje kwanza Kibokoni tukae naye, nataka kusikia mwenyewe kwa maneno yake anaelewa nini kwa kuwata kubana.