Tupeane uzoefu: watathmini walipofika darasa la awali, walipima nini?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, salaam. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na ada ilipoondolewa katika shule za umma kuanzia Januari 2016, watoto wa madarasa ya awali Tanzania Bara waliongezeka kutoka takriban milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5. Takwimu hiyo hutajwa kama ushahidi wa mafanikio, ilhali inatueleza tu kwamba watoto waliandikishwa. Nawaomba waliowahi kutembelewa na watathmini, au kuifanya kazi hiyo, waeleze kilichopimwa na kilichoachwa.

Nianze mwenyewe. Niliwahi kukusanya takwimu katika shule za msingi, na dodoso langu liliuliza iwapo darasa la awali lina kona za kujifunzia. Katika shule moja niliandika ndiyo, kwa kuwa kona zilikuwepo: vifuniko vya chupa, mbegu za mahindi, vijiti vya kuhesabia, vyote vimepangwa kwa unadhifu na kufunikwa na vumbi. Dodoso halikuwa na nafasi ya kuandika vumbi.

Mwalimu wa awali, Singida: Mimi nilikuwa upande wa pili. Mwongozo unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Rejista yangu ilikuwa na watoto 94, nusu yao nikiwafundishia chini ya mti. Wageni waliwachukua watoto kumi, mmoja mmoja, wakawaonyesha picha na kuwataka wataje kilichochorwa. Mtoto mmoja, ambaye kila jioni huchunga mbuzi na kaka yake, alionyeshwa picha ya mbuzi akajibu papo hapo kwa Kinyaturu, lugha ya nyumbani kwao. Akapewa sifuri. Mtoto huyo angeweza kueleza ni mbuzi yupi ana mimba na yupi ni mkorofi, lakini katika taarifa alihesabiwa miongoni mwa wasiojua.

Mzazi, Kilifi: Huku kwetu Kenya, tangu Katiba ya 2010 iikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kinachohesabiwa kwanza ni madarasa yaliyojengwa. Letu ni zuri, sina ubishi. Uji ulipokatika muhula wa pili, watoto wakapungua hadi mwalimu akaanza kupita nyumbani kuwatafuta, na hilo sikuliona popote kwenye taarifa tuliyosomewa barazani.

Mwanafunzi wa uzamili: Tatizo jingine ni kukosa wa kulinganishwa naye. Katika mradi wa Perry, utafiti wa elimu ya awali ulioanza mwaka 1962 huko Ypsilanti, Michigan, Marekani, watoto 123 tu waligawanywa katika makundi mawili, moja likapata shule ya awali, kisha wote wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Kwa upande mwingine, matokeo ya utafiti wa Tennessee, jimbo jingine la Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watoto waliopata nafasi katika madarasa ya awali ya jimbo hilo walikuwa nyuma ya wenzao walipofika darasa la sita. Anayepima mwishoni mwa mwaka wa awali peke yake asingeliona hilo. Nilipofanya utafiti wangu wilayani, niliwalinganisha waliosoma awali na ambao hawakusoma, kisha nikagundua kwamba wasiosoma wengi waliishi mbali na shule, ng'ambo ya mto. Sijui bado nilikuwa napima darasa au napima mto.

Mwanzisha mada: Mwalimu wa Singida, je, yule mpimaji hakuruhusiwa kukubali jibu la Kinyaturu?

Mwalimu wa awali, Singida: Nilimuuliza. Alinionyesha maelekezo yake: jibu ni la Kiswahili tu. Naye, kwa kumtendea haki, hakukijua Kinyaturu. Alikuja kuniuliza pembeni mtoto amesema nini, nilipomwambia akacheka, akaandika neno hilo kwa penseli ukingoni mwa karatasi. Sidhani kama kuna aliyeliingiza kwenye kompyuta.